Gauni la Mtu Aliyekaa

Nguo zangu zote za usichana alinichagulia dada yangu, na zote zilikuwa rangi ya udongo. Alisema hazionyeshi uchafu. Ningebisha nini? Maduka ya nguo ya mtaa wetu yalikuwa juu ya baraza, ngazi tatu, na kiti changu cha magurudumu kilikuwa cha chuma, kizito kama plau. Dada aliingia, mimi nikabaki juani natazama miguu ya watu.

Watu walikuwa wengi. Kila Jumamosi wanachuo wa ualimu walishuka mtaani na mashati yao meupe, wakinunua madaftari, wakitafuna karanga, wakibishana siasa. Nilizipenda kelele zile. Kilichoniudhi ni kuzisikia kutoka chini.

Mwaka ule nikachumbiwa. Wakwe walikuwa wavuke ziwa kutoka Kamanga, ng'ambo, kuja kunitazama. Nikamwambia mama wazi kwamba sitatazamwa nimevaa udongo. Jumamosi ya wiki moja kabla, tukasikia vitenge vimeingia madukani, jambo ambalo siku zile halikutokea kila mwezi. Dada akachukua kikapu.

"Leo nachagua mwenyewe," nikamwambia.

"Utapandaje? Utaruka?"

Mimi mtaa ule nilikuwa nimeutazama kuliko yeye. Una mteremko. Kule juu, mwanzo wa safu ya maduka, barabara inalingana na baraza, ndiko wachukuzi walikoingizia mikokoteni ya marobota. Na mabaraza yote yameungana. Nikasukuma magurudumu kwa mikono yangu hadi kule, jasho linanitiririka, nikaingia kama robota.

Maduka manne nikapita vizuri. La tano, lenye vitenge, mafundi cherehani walikuwa wamepanga mashine kutoka ukutani hadi ukingoni. Fundi wa kwanza, mzee mnene mwenye futi shingoni, hakuinua hata kichwa.

"Binti, njia iko kule chini."

"Shikamoo. Duka liko huku juu."

"Marahaba. Hapa ni kazini kwetu, ndugu."

"Fanyeni kazi. Nitasubiri."

Nikafunga breki. Dada akasimama nyuma yangu, amenuna. Nyuma yake akasimama mwanachuo, kisha wenzake wawili, kisha mama mwenye ndoo. Miaka ile ukiona mstari unaungana nao kwanza, maswali baadaye.

"Wanatoa nini hapa?" akauliza mama wa ndoo.

"Nadhani sukari," akajibu mwanachuo.

Mstari ukarudi nyuma hadi duka la pili. Fundi akainua kichwa, akauona, akashika kiuno. "Hakuna sukari hapa, nyie watu."

"Ndivyo wanavyosema ikiwepo," akasema mama wa ndoo, akaweka ndoo yake chini.

Fundi akasogeza mashine. Nilipokuwa napita, macho yake yakaanguka kwenye pindo langu, lililochanwachanwa na gurudumu.

"Nani alikukatia hili?"

"Fundi kama wewe."

"Alikukatia kama umesimama."

"Sijawahi kusimama."

Hakucheka. Nikaingia dukani, nikashika vitambaa kimoja kimoja, nikavinusa, nikavikunja kwenye kiganja. Nikachukua cha manjano chenye majani makubwa mekundu. Dada akasema nitaonekana mpaka Kamanga. Nikamwambia ndiyo maana nimekichukua.

Yule fundi akapiga magoti barazani, akanipima nimekaa. Nyuma akapunguza kitambaa kisijikunje chini yangu, mbele akaongeza kifike kwenye viatu, pembeni akabana kisiingie kwenye magurudumu. Ijumaa likawa tayari. Gauni lile nimelivaa miaka, na mjukuu wangu wa kwanza, katika wajukuu kumi na mmoja, amebebwa kwa kipande chake.

Jumapili wakwe walikuja. Mama mkwe alinizunguka mara mbili kama anayenunua ng'ombe. Akainama, akashika pindo, akaligeuza aone mshono.

"Fundi wako yuko mtaa gani?" akauliza.

Habari za miguu hakuuliza. Nikamwambia Jumamosi nitampeleka mwenyewe, ila tutapitia juu.