Kahawa ya kutafuna ilivyotaka kumuua dresa wa Mungaa

Wakuu, nawasalimu. Wadogo zangu humu, marahaba, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, bibi wa wajukuu na vitukuu. Huwa nasoma tu, sichangii. Lakini juzi nimekuta vijana wanabishana kahawa ilianzia wapi. Huyu anasema mbuzi wa Uhabeshi, yule anasema Waarabu, mwingine kaweka picha ya kikombe chenye kopa limechorwa kwenye povu.

Nikacheka. Halafu kicheko kikaniisha.

Kahawa ninayoikumbuka mimi nusura iue mtu, na nilikuwa naye chumba kimoja.

Najua kuna watakaosema hii ni chai. Ni kahawa, tena niliitafuna mwenyewe. Nitawaambia nilichokiona, na nisichokijua nitasema sijui. Macho yamechoka, mnivumilie kwa makosa ya kuandika.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa binti mdogo tu, nimeolewa Mungaa, nina mtoto wangu wa kwanza, Yohana, bado ananyonya. Mume wangu alikuwa kaenda Tanga kukata mkonge. Nilibaki kwenye tembe la wakwe zangu, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuogopwa. Akikohoa tu, mimi nimeshasimama.

Kahawa hatukuijua. Sisi ni watu wa uji wa uwele. Aliyewahi kufika Singida mjini alikuwa amewaona Waarabu wakinywa kitu cheusi kwenye vikombe vidogo, basi, habari ikaishia hapo.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mtama ulikauka ukiwa magotini. Na hapo hapo serikali ikatuletea dresa. Ndivyo tulivyowaita wale waliofundishwa kufunga vidonda na kuchoma sindano kwenye zahanati. Alikuwa Mhaya kutoka Bukoba, jina lake Kamugisha. Kijana mrefu, mpole, Kiswahili chake kina lafudhi ambayo watoto waliiga njia nzima.

Mambo mawili yalitutisha kwake.

Kwanza alitoboa watu vidole. Ukienda na homa anakutoboa, anapaka tone la damu kwenye kipande cha kioo, anakifunga vizuri, kinapelekwa mjini kupimwa. Wakuu, enzi zile habari za mumiani zilikuwa kila mahali. Tuliambiwa wapo watu wanaotumwa kukusanya damu ya Waafrika, wakikukamata wanakuning'iniza na kukukamua. Watu wazima walikuwa hawapiti njia ya msituni peke yao. Sasa anakuja mtu, damu anaichukua mchana kweupe, halafu anaifunga na kuituma!

Pili, alikuwa anatafuna vitu vyeusi. Vidogo, vikavu, ungedhani mavi ya mbuzi. Alivihifadhi kwenye kifurushi cha jani kavu la mgomba, na kila mgeni alimkaribisha navyo.

Hapa nisimame kidogo kwa wale wapenzi wa historia. Kwa Wahaya kahawa ilikuwepo kabla ya Mzungu. Walichuma matunda yake, wakayachemsha na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, wakayatafuna. Wanaiita amwani. Mgeni akifika, hapewi kikombe, anapewa za kutafuna. Ni heshima. Hayo nimeyajua baadaye sana nikiwa mwalimu. Wakati ule nilijua tu kwamba ni nyeusi na chungu.

Siku moja nilimpeleka Yohana kifua kikimbana. Kamugisha akaniona nilivyokonda, akanipa zile kahawa kwenye jani. Akasema, "Mama Yohana, tafuna moja moja, njaa inapungua makali."

Moja moja! Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nilizimaliza zote njiani.

Kabla sijafika nyumbani moyo ulianza kunipiga kama mtwangio. Mikono ikatetemeka, nikaona nitamwangusha mtoto. Usingizi haukuja kabisa. Nililala nimeshika kifua, nikijua kwamba nakufa na mwanangu atalelewa na wengine. Asubuhi mama mkwe akaniuliza umekula nini, nikamwambia.

Alitoka nje, na kufikia jua la utosi Mungaa yote ilijua kwamba dresa ana dawa ya kuchemsha damu ili itoke kwa urahisi.

Kilichommaliza kabisa dresa ni hadithi aliyoisimulia mwenyewe. Baba mkwe wangu alikwenda kumuuliza kwa upole hivi vitu ni nini. Naye masikini akafurahi kuulizwa kuhusu kwao. Akamweleza kwamba tunda moja la kahawa lina mbegu mbili zimekumbatiana. Zamani, watu wawili wakitaka kuwa ndugu, kila mmoja alijichanja karibu na kitovu, akapaka damu yake kwenye mbegu moja, mwenzake akaimeza. Wakishamezeana damu, hawawezi kudhuriana hadi kufa.

Yeye alikuwa anasimulia undugu. Baba mkwe alirudi nyumbani na maneno mawili tu: damu, kumeza.

Wiki hiyo hiyo mzee mmoja jirani yetu, aliyetobolewa kidole, akafa.

Na mwanangu akashikwa na homa. Akawa wa moto kama jiwe la jikoni, akaacha kunyonya. Mama mkwe akasema huko zahanati hatumpeleki. Nikamtazama Yohana, macho yamegeuka meupe. Mama mkwe alipokwenda kisimani nikamfunga mtoto mgongoni, nikakimbia.

Msidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa naamini kabisa kwamba Kamugisha ni mumiani. Nilikwenda kwa sababu kwa upande mmoja niliona kifo cha hakika, kwa upande wa pili niliona labda.

Alimchoma kwinini siku ile, na kesho yake nikatoroka tena. Siku hiyo ya pili ndiyo waliyokuja.

Nilisikia sauti kwanza, kama nyuki. Nikachungulia dirishani. Watu wanapanda kutoka upande wa mashamba, wanaume wana fimbo na marungu, wengine mishale, wanawake nyuma. Kamugisha akafunga mlango, akaweka kitasa.

Hapo ndipo nilipoijua hofu, wakuu. Nje watu wangu wanapiga kelele "Chinja-chinja! Mtoeni!" Ndani nimefungiwa na yule ninayemwogopa, na ameshika sindano. Jiwe likagonga bati. Jingine likapita dirishani likavunja chupa.

Nikamsikia mama mkwe. "Toka na mtoto! Toka upesi, nyumba inachomwa!"

Nikamtazama Kamugisha. Jasho linamdondoka kwenye kidevu, midomo inaomba kwa kikwao. Nikaona kitu ambacho hakuna aliyenieleza: alikuwa anaogopa kuliko mimi. Alikuwa mtoto wa mtu, mbali na mama yake.

Akaniambia, "Mama Yohana, bado sindano moja. Ukitaka, toka naye hivyo hivyo na homa yake. Ukitaka nimchome, nishikie mguu."

Nikamwuliza, "Wewe ni mumiani?"

Akasema, "Mimi ni dresa."

Nikashika mguu wa mwanangu. Akamchoma. Yohana alilia, kilio chenye nguvu, si kile cha kunyong'onyea. Nikampa titi kumnyamazisha tu, kwa mazoea.

Akalishika.

Nikafungua mlango nikatoka hivyo hivyo, kifua wazi, mtoto ananyonya. Jiwe lililokuwa limeshatupwa likanipata begani, alama ninayo hadi leo. Nilisimama mlangoni kwa sababu sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kamugisha yupo nyuma yangu, nasikia anavyohema.

Mama mkwe akanijia. Nilidhani ananipiga. Akaweka kiganja kwenye paji la uso la mjukuu wake, akakiacha hapo. Akatazama mdomo wake unavyovuta.

Akageuka kwa watu akasema, "Ananyonya."

Basi. Hakusema dresa ni mtu mwema, hakusema turudi nyumbani. Lakini wote walijua huyu mama ana ulimi wa namna gani, na wote walijua mtoto alikuwa anakufa. Wa mbele wakashusha fimbo. Wa nyuma wakaendelea kutukana kidogo, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuangaliana.

Ningependa kuwaambia kwamba kesho yake tulimwomba msamaha. Kesho yake alikuwa hayupo. Aliacha mlango wazi na dawa zimepangwa mezani. Alishika njia ya mjini kwa miguu, peke yake, kwenye nchi ambayo kila kijiji kilikuwa kimeshasikia habari zake.

Serikali haikuleta dresa mwingine kwa muda mrefu. Mvua ziliporudi, homa ilirudi nazo. Wifi yangu alizika mtoto wake wa pekee, aliyekuwa rika la Yohana. Alipita na maiti mbele ya ile zahanati ikiwa imefungwa.

Nilichojifunza, na ndiyo maana nimeandika: hakuna aliyedanganya. Kweli alitoboa vidole. Kweli damu ilikwenda mjini. Kweli kahawa yake ilinidundisha moyo, na kweli kwao waliwahi kumeza damu. Hofu ilichukua kweli zetu zote ikazishona nguo moja, ikamvisha mtu asiyehusika. Siku hizi naona mambo yale yale kwenye magrupu ya simu, kwa kasi zaidi.

Wenye simulizi za mumiani za kwenu, wekeni hapa tusome. Wahaya, mnisahihishe nilipokosea kuhusu amwani.

Lakini zaidi ya yote nina swali kwa mtu yeyote wa Bukoba anayesoma. Je, una babu aliyewahi kuwa dresa huku kwetu Singida, aliyeondoka ghafla? Yohana mwenyewe ni babu sasa, yupo hapa pembeni yangu, ananiuliza kama nimemaliza kuandika.

Tunataka kujua tu kama alifika nyumbani.