Baba Mdogo Naye Si Baba?

Fundi wa makochi alizoea kubana misumari midogo midomoni akiwa kazini, ndiyo maana watu wakamwita Misumari. Majirani walitania kwamba hata akiitema, mdomo haufunguki. Ni kweli alikuwa mzito wa maneno. Mdogo wake, kinyozi, alikuwa kinyume chake: angekuvunja mbavu huku wembe uko shingoni mwako.

Binti wa fundi alipoanza chekechea, mwalimu aliomba kina baba nao waje, mmoja mmoja, wacheze na watoto na kuwaonyesha kazi zao.

"Kina mama tumewachosha," alimwambia fundi getini. "Ijumaa zamu yako, baba."

Ijumaa fundi alivaa shati la pasi, akabeba nyundo na kipande cha sponji, akatoka. Alipofika kwenye kibanda cha mdogo wake, miguu ikagoma.

"Nenda wewe."

"Mimi? Kwani mtoto wa nani?"

"Wetu. Baba mdogo naye si baba?"

"Kaka! Unaogopa watu wanaovaa viatu kushoto kulia?"

"Watanicheka."

"Si ndiyo raha yenyewe!"

Lakini kaka mkubwa hakataliwi. Kinyozi alichukua kitana na mikasi, akaenda.

Jioni binti alirudi anarukaruka. "Baba mdogo kamnyoa mwanasesere! Mwalimu kacheka mpaka kakaa chini!"

Fundi akacheka naye, akajiona ametua mzigo. Hakujua ametua na kilichokuwemo.

Zamu nyingine zilipokuja, binti hakumsumbua tena. Alipita moja kwa moja kibandani. Jino likimtoka, alilipeleka huko. Akifundishwa wimbo, aliuimba huko, na fundi aliusikia kwa mbali, vipande vipande, katikati ya mapigo ya nyundo yake.

"Umemzaa, umempa mtu," mkewe alimwambia, bila hasira. Hilo ndilo lililomchoma.

Siku ya kufunga shule wazazi waliitwa kuona kazi za watoto. Safari hii fundi alijikaza, akaenda peke yake. Binti alimwona, kisha akaangalia mlangoni, nyuma yake.

"Baba mdogo yuko wapi?"

"Yuko kazini. Nimekuja mimi."

"Haya," alisema, kwa adabu, kama anavyoambiwa mgeni. Akamwongoza hadi kwenye mji wa maboksi. Ndani yake vizibo vya chupa vilikuwa watu, wamejipanga foleni, wengine wamelala.

Fundi akachuchumaa. Akashika kizibo chekundu. "Huyu nani?"

"Usimtoe hapo, anaumwa." Binti akakirudisha taratibu. "Baba mdogo anawajua wote."

"Nifundishe na mimi."

Binti alimtazama, akautazama mji, akafikiri sana.

"Ni hadithi ndefu, baba. Mpaka tuanze mwanzo kabisa."

Mwalimu akapiga makofi, watoto wakaitwa kuimba, naye binti akawakimbilia wenzake. Fundi alibaki amechuchumaa kando ya maboksi, anaogopa kugusa kitu.