Farasi wa Wino Waliokwenda Riyadh

Sababu ya safari ilikuwa mzee mmoja aliyegoma kula. Ni baba yake madam niliyemfanyia kazi za nyumbani Jeddah; mzee mwenyewe mkaazi wa Riyadh. Macho yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, mkewe amefariki, na kila sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Madam alilia, kisha akateremsha ukutani picha ambayo baba yake alimpa arusini: mbio za farasi, zimechorwa kwa wino mtupu.

"Labda itamwamsha," akaniambia. "Yalla, Amina, funga mizigo."

Kutoka Al-Nuzha, mtaa wetu wa Jeddah, niliipakata picha ile garini. Njia nzima ni jangwa na vituo vya mafuta, basi nikaitazama mpaka nikachoka. Sikuipenda. Farasi hawana macho, miguu ni mikwaruzo, watazamaji ni madoa. Mchoraji huyu alikuwa na haraka gani, au mchuzi ulikuwa unamwungulia?

Riyadh, tulimkuta mzee kitandani. Madam akamshikisha picha. "Baba, farasi wako hawa."

Akapapasa kioo cha picha. "Sioni. Nieleze."

"Wazuri, baba. Wanakimbia."

Mzee akageukia ukuta.

Hapo damu ya Lamu ikanichemka. Kwetu mbio za punda hazisifiwi uzuri. Mtu hushangilia mtaa wake. Nikapaza sauti kwa Kiarabu changu cha jikoni: "Langoni mbele! Mkomani nyuma yake! Langoni, yalla!"

Mzee akageuka. "Langoni ni nani?"

"Mtaa wetu, baba. Ndiye yule mpanda farasi mwenye kofia nyeusi."

"Na Mkomani?"

"Hao hawana lolote."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi mimi Mkomani. Nileteeni supu, siwezi kushangilia na njaa."

Madam alikimbilia jikoni mwenyewe. Tangu hapo kila mlo ukawa na mbio zake, na mzee alinibishia mdomo umejaa wali.

Siku ya kurudi Jeddah nilitaka kumfurahisha. "Halas, baba, Mkomani mmeshinda."

Uso ukamsinyaa. "Nani kakwambia zimekwisha?"

Nikaitazama picha upya. Kweli, hakuna aliyefika. "Mafi halas, baba. Bado wanakuja."

Akaomba mkate.

Jeddah nilifika na somo moja. Mamangu naye alikuwa mgonjwa Lamu, na kila nikimpigia simu nilimwambia utapona inshallah, kisha tunaagana. Mara hii nikamwambia Mkomani wamewapiga Langoni mbioni vibaya sana. Alinirushia maneno mpaka salio langu likaisha.