Siku Bibi Alipowanyooshea Askari Mikono

Harufu ya naftalini hunitia tumbo joto mpaka leo. Wenzangu wakifungua kabati na kuisikia, wao huwaza nguo za Krismasi. Mimi huliona sanduku kubwa la kahawia, lililojaa harufu hiyohiyo, tuliloazima kwa jirani kule Miyuji tulikokuwa tukiishi. Msinicheke. Hofu ya utotoni haina adabu, huingia bila hodi.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara iliyokuwa imebanwa ilipofunguliwa. Sokoni Majengo, maduka yalishaanza kujaa sabuni za kila rangi na mitumba iliyorundikwa chini, na Mama, aliyekuwa karani wizarani, akapata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya. Watu wote waliniambia nifurahi. Nitafurahije, jamani? Kwa akili yangu ya miaka tisa, ndege ilikuwa kitu kinachochukua watu na hakirudishi. Nilimwona Mama akikunja nguo zake, nikahesabu kuwa namwona kwa mara ya mwisho.

Baba alibaki na wadogo zangu. Baba mdogo Yona, mdogo wake Baba, ndiye aliyetuendesha mpaka Dar es Salaam kwa gari lake la mtumba, ambalo bado lilikuwa na maandishi ya Kijapani ubavuni. Mama alikaa mbele. Nyuma tulikaa mimi na Bibi, mama yake mzazi Mama, aliyetoka kijijini na kuapa kwamba mwanawe hapandi dude lile bila yeye kuwepo.

Kibaigwa tulikuta malori yamejipanga kando ya barabara, wapagazi wanapandisha magunia ya mahindi huku madalali wakipiga kelele. Bibi akavuta kitenge chake akafunika uso.

"Wanapakia mchana kweupe!" alinong'ona.

"Mama, siku hizi ni ruksa," Mama alimjibu akicheka.

"Ruksa leo. Na kesho je?"

Baada ya Morogoro tukakuta kizuizi cha polisi. Askari alitutazama tu, akatupungia mkono tupite. Lakini Bibi alikuwa ameshanibana paja kwa vidole vyake vikavu, na hakuniachia hata tulipofika mbali. Hofu yake ikaingia mwilini mwangu moja kwa moja. Nikajua mbele yetu kuna jambo baya, ila sikujua ni lipi.

Basi ndugu zangu, uwanja wa ndege! Sijapata kuona watu wengi wenye haraka namna ile. Madereva wa teksi walimrukia Mama wakigombea sanduku lake, Baba mdogo akawa anawapangua kwa viwiko. Ndege moja ikanguruma nikahisi meno yanacheza. Kilichonitisha kuliko vyote ni sauti ya mwanamke asiyeonekana, iliyokuwa ikiita watu majina kutoka darini. Nikashika sketi ya Mama nikisubiri lake litajwe.

Sisi wasindikizaji tuliambiwa tuishie kwenye mlango wa vioo. Mama akapita peke yake, akaliweka sanduku juu ya meza. Askari kijana akalifungua, akapekua nguo, kisha akapitisha vidole kwenye bitana, kile kitambaa cha ndani. Akasita. Akapapasa tena. Palikuwa na mshono mpya wa uzi mweusi, mshono wa mkono. Akachukua wembe, akaufumua, akatoa vifuko vya nailoni vilivyobanwa bapa kama chapati, vyote vimejaa unga wa kijani.

Akaunusa, akamwita mwenzake. Mama alikuwa amejishika kichwa, anatikisa tu, na midomo yake ilikuwa imepauka. Mmoja akamshika mkono kuelekea mlango mwingine.

"Mungu wangu, bangi?" Baba mdogo alisema. "Nani kamwekea?"

Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilikuwa nimeogopa ndege tu, kumbe Mama anakwenda jela, na hata hiyo Ulaya haioni! Hapo Bibi akanishika mkono, akasukuma ule mlango, akampita mlinzi ambaye alibaki mdomo wazi. Tukafika mezani. Akaniachia, akainyoosha mikono yake yote miwili mbele ya askari, viganja juu, vifundo vimekaribiana.

"Ni vyangu, baba. Nimevishona mimi. Huyu hajui kitu. Nifungeni mimi."

"Shikamoo, Bibi," alisema yule kijana, amechanganyikiwa.

Bibi hakuitika. Bibi yangu, ambaye angemkemea mtoto kwa kumsalimia kwa sauti ndogo! Alisimama vilevile, mikono mbele.

"Hii ni nini, Bibi?"

"Mlenda. Nimeuanika mwenyewe, nikautwanga."

"Sasa mlenda unafichwa kwa nini?"

"Si chakula?" Bibi alimshangaa. "Chakula kitavukaje kizuizi bila kufichwa?"

Akaja askari mtu mzima. Alichota unga kidogo kiganjani, akadondoshea maji ya chupa, akasugua kwa kidole. Alipoinua kidole, ute ukavutika, ukavutika, ukakataa kukatika. Yule mzee akaangua kicheko. "Mboga hii nimeila Manyoni mpaka nikaomba uhamisho!" Meza nzima ikacheka. Mama alirudishiwa vyote, akatukumbatia mbiombio, akakimbia, maana yule mwanamke wa darini alishaanza kuita.

Njia nzima ya kurudi Baba mdogo alicheka, akiachia usukani kuigiza ile mikono. Bibi alitazama nje. Mimi nililala mapajani mwake, bado nimejawa na hofu, na kwa miaka mingi nyumbani kwetu hicho kikawa kisa cha kuchekesha wageni.

Bibi alipokwishafariki, siku moja nilikisimulia mbele ya Mama. Hakucheka. Akaniambia kwamba katika miaka ile ya kusaka walanguzi, kuvusha chakula kulipokuwa kosa, Babu na Bibi waliteremshwa kwenye basi kizuizini wakiwa na gunia la mahindi ya kutulisha. Gunia lilikuwa la Bibi, alilitoa kwao. Askari akauliza ni la nani. Bibi alifungua mdomo, Babu akamkanyaga mguu, akasema ni lake. Akafungwa. Alirudi anakohoa, hakumaliza mwaka.

"Bibi alinyamaza tu?" niliuliza.

"Angesema nini?" Mama alinijibu. "Alikuwa amekubeba wewe mgongoni."