Viunzi Vilivyovunjika

Watu wakiniuliza nasomea nini chuoni, nilikuwa nikijibu kwamba napima mifupa ya wafu wadogo. Wanacheka, yanaisha. Kwa kweli ni visukuku vya vijidudu vya baharini ambavyo bila hadubini huvioni. Mwili ulioza zamani. Kilichobaki ni kiunzi kama cha kioo, duara lenye matundu na miiba. Unapima duara, unapima miiba, na vipimo vikijitenga makundi mawili, huenda una spishi mbili.

Vyangu vilijitenga. Vidogo huku, vikubwa kule, katikati pengo tupu. Miaka miwili nilipima picha zake kwenye kompyuta, sebuleni kwetu Kaloleni, na pengo halikuzibika. Spishi mpya, jamani! Anayeitambulisha ndiye huipa jina, nami nilishamwambia baba nitaipa la marehemu mama. Baba ni fundi mstaafu wa reli, si mtu wa machozi, lakini siku hiyo alitoka nje akakaa huko kitambo. Jumapili akalitangazia kanisa zima.

Alasiri moja alivuta kiti akaziangalia picha zangu. Yeye alizeekea kwenye kupima magurudumu ya garimoshi. Akauliza mbona vyote ni vizima. Nikamweleza kwamba vilivyovunjika niliviweka kando. Mwiba uliokatika utaupimaje?

"Sisi lile bovu ndilo tulianza nalo," akasema.

Nikacheka. Wazee na reli yao. Lakini neno lile lilinikaa rohoni, na kesho yake nikavitoa vile vibovu. Miiba ilikatika, sawa, ila maduara yalipimika. Nikapima wiki tatu, na kila kimoja kikaangukia pale pale penye pengo. Vidogo vilikuwa vichanga tu, miiba mifupi. Vikubwa vimekomaa, miiba minene. Vya katikati ndiyo kwanza vinarefusha miiba, myembamba, inakatika ovyo. Spishi ilikuwa moja tangu mwanzo. Pengo nililitengeneza mimi, kwa kuchagua vizuri vizuri. Nilijipalia makaa mwenyewe, na nikavichukia vyote.

Siku nne nilimkwepa baba ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Ya tano nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Kwa hivyo mama yako hayumo."

Nikajibu hayumo. Akainuka, akaenda kulala, na jua bado lilikuwa juu.