Gia ya Tatu ya Chapuchapu

Walimwita Meno, na si kwa ajili ya meno yake, maana mwenyewe alikuwa na pengo mbele, kazi ya spana iliyoteleza enzi za ujana. Walimwita hivyo kwa sababu ya meno ya gia. Mpe giaboksi yoyote, atakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, atapitisha ukucha wa kidole gumba jino kwa jino huku midomo ikimcheza, kisha atakwambia: hii ina ishirini na moja, mwenzake thelathini na nne, ndiyo maana gari lako linalia mlimani. Hakosei. Na kwa kuwa hakosei, alikuwa na mdomo mchafu kuliko mafundi wote wa mtaa ule wa gereji. Mteja akiuliza swali la pili, anakabidhiwa spana na kuambiwa haya, fanya mwenyewe.

Mtu jeuri namna hiyo, mama yake mzazi alikuwa hamsemeshi. Wiki ya tano sasa.

Kila jioni baada ya kazi alinawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi inawaka, akaenda kwa mama, akavua viatu kwenye ngazi, akaingia. "Shikamoo, mama." Mama amelala kitandani, uso ukutani. Pembeni ya dirisha cherehani ya shemeji yake, mke wa mdogo wake, imefunikwa shuka. Tangu mazishi haijashona hata pindo. Meno anakaa dakika kumi, anaweka mkate mezani, anaondoka. Jioni moja mama akasema, bila kugeuka:

"Niambie kitu kimoja tu. Gia zako ndizo zilizomuua mwanangu?"

Meno akautazama mkate aliouweka mezani.

"Kama hujui, nenda ukajue. Ukishajua uje uniambie. Kabla ya hapo sitaki kukuona."

Mwanangu, alisema, kana kwamba alizaa mmoja. Alikuwa na maana ya kitindamimba wake, mdogo wake Meno, ambaye watu wote walimwita Chapuchapu. Kazi yake ilikuwa kubeba damu. Kila asubuhi alizunguka zahanati za milimani, akakusanya vichupa vya damu ya wagonjwa ndani ya sanduku la barafu, akavishusha maabara mjini kabla barafu haijayeyuka. Akichelewa, damu inaharibika, na mtu fulani huko juu anatobolewa tena mkono. Kwa hiyo alikimbia. Alikuwa na kigari kidogo, cha milango mitatu, chenye injini ya turbo, na alikipenda kiasi cha kutia aibu. Mke wake alikuwa akimtania kwamba siku nyumba ikiungua atatoa gari kwanza, kisha sanduku, kisha yeye.

Sasa, injini ya turbo ina tabia zake. Iendeshe taratibu, turbo imelala, na gari ni nyonge tu kama magari mengine madogo. Ifikishe mizunguko elfu tatu na mia tano kwa dakika, turbo inaamka, inaanza kusukuma hewa, na kiti kinakupiga mgongoni. Kazi ya fundi gia ni kuhakikisha kwamba dereva anapohitaji nguvu, injini iko juu ya hapo. Giaboksi ya zamani ilipochoka, Chapuchapu alimletea kaka yake, wakakaa siku nzima juu ya ndoo mbili, Meno akichora kwa chaki sakafuni.

Gia ya kwanza na ya pili hazikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa wa tatu. Mezani palikuwa na jozi mbili. Moja fupi, ya kupandia mlima bila wasiwasi wowote, ila kwenye tambarare injini ingepiga kelele mpaka masikio yazibe. Nyingine ndefu kidogo, tamu kwenye tambarare, lakini mlimani ingekuwa na nguvu nyembamba sana.

"Wewe unaona ipi, kaka?"

"Kwenye kile kilima kirefu malori yanapanda kwa mwendo gani?"

"Sitini hivi."

Meno akaandika sakafuni, akazidisha, akagawanya, akafuta kwa kisigino, akaandika tena. "Kwa hii ndefu, ukiwa sitini gia ya tatu, injini iko elfu tatu na mia sita. Turbo iko macho. Una akiba ya mia moja."

"Mia moja tu?"

"Mia moja inamtosha anayejua kuendesha. Asiyejua hata umpe elfu."

Chapuchapu akacheka, akasema haya bwana, fundi ni wewe. Wakafunga jozi ndefu. Kwa miezi minne gari likaenda kama ndoto, na Chapuchapu akawa anapita malori kwenye kile kilima huku anapiga honi ya kuaga.

Kisha ikaja ile simu. Hii Meno alikuwa hajamwambia mtu. Chapuchapu alipiga mchana, Meno yuko chini ya gari la watu, oili inamchuruzikia sikioni. "Kaka, gia ya tatu imekuwa nzito siku hizi. Inalala." Na Meno akajibu, kwa sauti ya kusikika gereji nzima, "Uliyelala ni wewe! Gia yangu hailali. Jifunze kuendesha, acha kunipotezea muda." Mafundi wakacheka. Chapuchapu naye akacheka huko aliko, akasema sawa kaka. Wiki tatu baadaye akawa amekufa.

Dereva wa lori alikuja mwenyewe msibani kueleza, maskini. Alisema kigari kilitoka nyuma yake vizuri kabisa, barabara mbele ikiwa wazi. Kilipofika usawa wa mlango wake kikawa kama kimekata pumzi. Hakikupita, hakikurudi, kikabaki pale pale kinamsindikiza. Basi likatokea juu ya kilima. Yeye alishika breki kadiri alivyoweza. "Nilimwona uso," alisema, "alikuwa anatazama mkono wake kwenye gia." Maneno hayo mama aliyasikia, mjane aliyasikia, na wote wawili wakamtazama Meno.

Basi baada ya kufukuzwa alikwenda uwanja wa vyuma chakavu kulikovutwa lile gari. Mlinzi alimwonyesha kwa kidevu, akamwacha. Mbele yote imeingia ndani. Sanduku la barafu bado limefungwa mkanda kiti cha nyuma, kifuniko kimepasuka. Kiti cha dereva Meno hakukitazama. Alijisemea: wewe umekuja kufungua giaboksi, fungua giaboksi. Akalala chini kwenye vumbi, akaanza.

Alipoitoa ilikuwa karibu alasiri. Akaifungulia juu ya gunia, akaitafuta gia ya tatu, akapitisha ukucha. Thelathini na tano kwa ishirini na mbili. Akarudia mara tatu. Jozi ni ile ile, jino halijavunjika hata moja, hakuna beringi iliyokwama. Klachi nzima. Mpira wa hewa ya turbo mzima. Akatoa karatasi mfukoni, akapiga hesabu upya: sitini, gia ya tatu, elfu tatu na mia sita. Ilipaswa kuwa macho. Kwa nini ililala? Labda mia moja haikutosha. Labda siku zote ilikuwa haitoshi, na yeye na domo lake ndio waliomweka mdogo wake mbele ya basi.

Akaegemea gurudumu la nyuma ili asimame, na mkono ukashika vinyweleo.

Tairi jipya lina vinyweleo vya mpira, kila aliyewahi kuligusa anajua. Vinakwisha polepole kwa safari. Meno akainama. Yale matairi ya Chapuchapu aliyoyajua yeye yalikuwa vipara vitupu. Haya yalikuwa mapya, manene, ya kupendeza. Akasoma namba ubavuni. Akasoma tena. Kisha akazunguka gari lote akisoma namba, na zote zilikuwa sawa, na zote zilikuwa kubwa. Kubwa kuliko zile alizopigia hesabu.

Mtoto wa gereji wa siku mbili anajua maana yake. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakula barabara ndefu zaidi, kwa hiyo kwa mwendo ule ule injini inazunguka pungufu. Akaandika kwenye karatasi, kalamu ikitoboa. Sitini, gia ya tatu, matairi haya: elfu tatu na mia tatu, tena kasoro. Turbo imelala fofofo.

Si mimi! Alilisema kwa sauti, akacheka, peke yake katikati ya vyuma vile. Si mimi, jamani, ni matairi! Mjinga yule amebadilisha matairi bila kuniambia! Alicheka mpaka akashika mlango, na mlango ukamgeuza akatazamana na kiti cha dereva, na doa lile. Hapo akaacha kucheka. Alijichukia. Lakini hata akijichukia, moyo ulikuwa mwepesi, tuseme ukweli. Na kile kisauti kilichomwambia kwamba kama siku ile ya simu angesema "hebu lilete nilione," angeyaona matairi kabla hata ya kufungua boneti, akakinyamazisha. Akakunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akaenda kwa mama karibu kwa kukimbia.

Alivua viatu kwenye ngazi, akaingia.

"Mama. Nimejua."

Mama akageuka. Wiki tano hajageuka, leo akageuka, akajiinua kwa kiwiko, na Meno akaona alivyokonda. Shemeji yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani, mikono juu ya ile shuka, kama mtu anayesubiri gari lisilokuja.

"Umelifikia gari?" shemeji akawahi kuuliza. "Matairi yapo? Hawajayaiba?"

"Matairi?" Meno akasema.

"Matairi yangu. Mimi ndiye niliyemnunulia. Nilishona sare za shule mwaka mzima kwa ajili ya yale matairi. Yale yake yalikuwa yamekwisha, mvua ikinyesha nilikuwa silali mpaka arudi. Nikamwambia muuzaji nataka makubwa, imara, yale ya kushika barabara." Akafuta pua kwa kiganja. "Nikamwambia mume wangu asikwambie, shemeji. Nilijua utatucheka, utasema tumeuziwa. Unajijua ulivyo."

Meno akabaki amesimama katikati ya chumba, mkono kifuani juu ya mfuko wa shati.

"Si umesema umejua?" mama akasema. "Sema basi."

Ilikuwa sentensi moja. Alikuwa ameipanga njia nzima. Akamtazama mama, macho yale yaliyomgeukia, akajua kwamba akiitamka tu mama atamfungulia mikono na atakuwa mtoto wake tena. Akamtazama shemeji. Vidole vyake vilikuwa na vitundu vyeusi vya sindano, vya mwaka mzima.

"Ni gia zangu," Meno akasema. "Ya tatu niliichagua ndefu mno. Alihitaji nguvu pale, hakuipata."

Mama alibaki amejiinua kwa kiwiko.

"Na alinipigia simu," akaendelea, maana sasa mlango ulikuwa umeshafunguka na hili nalo lilitaka kutoka. "Wiki tatu kabla. Alinieleza kwamba inalala. Nikamtukana mbele ya watu. Sikulitazama gari. Ningelitazama ningeona, mama. Ningeona mara moja."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu.

Mama alirudi kulala taratibu, akageukia ukuta. "Nimeshasikia," alisema. "Toka."

Alitoka. Alikuwa ameshika kiatu kimoja aliposikia mlango nyuma yake. Shemeji alisimama juu ya ngazi, amekunja mikono.

"Nikuulize," alisema kwa sauti ya chini, mama asisikie. "Alianza kulalamika gari zito wiki ile ile niliyomfungia matairi. Nimekaa na jambo hili tangu tumzike. Sijamwambia mtu. Nakuuliza wewe kwa kuwa wewe ndiye unayejua. Si matairi?"

"Matairi yanahusu nini na giaboksi?" Meno akasema, akajilazimisha kuweka ule ukali wake wa siku zote. "Matairi ni matairi. Yalikuwa mazuri. Ulimnunulia kitu kizuri."

"Una hakika?"

"Mimi huwa nakosea?"

Maneno yale yalimtoka kwa mazoea, na walipotazamana wote wawili waliyasikia yalivyo. Shemeji akashusha pumzi ndefu, mabega yakateremka, machozi yakamtoka bila kelele. Alipomaliza kuyafuta, uso wake ulikuwa umebadilika. Alimtazama kama watu wanavyomtazama mtu waliyemtafuta kwa muda mrefu na sasa wamempata.

"Alikuwa anakusifu," alisema. "Kila siku, kaka yangu, kaka yangu. Usije tena hapa."

Akaingia, akafunga.

Meno alikaa kwenye ngazi kuvaa viatu, kwa kuwa mtu hawezi kwenda nyumbani pekupeku. Kamba zilimshinda, akazifungua, akaanza upya. Kiatu cha pili kilikuwa hakijaingia mguuni aliposikia, ndani, shuka ikivutwa, kisha cherehani ikianza kushona.