Alama za Hesabu na Ng'ombe wa Jirani

"Wewe si ulipata A ya hesabu kidato cha nne?" baba aliniuliza. "Sasa hii imekushinda wapi?"

Tulikuwa mezani kwetu Kitengela, Jumapili baada ya kanisa, na mama alikuwa ameacha kupakua chakula ili asikie jibu. Mimi niliyekuwa nimemhoji mchungaji kuhusu mahubiri yake kabla hajatoka mlangoni, nilichukua mwiko nikaendelea kupakua mwenyewe.

Nilikuwa nimeomba kusomea shahada ya uzamili ng'ambo, katika mambo ya maji. Mtu aliyekulia Kitengela, akisubiri lori la maji kama wengine wanavyosubiri wageni, haulizwi kwa nini amechagua somo hilo. Chuo kiliniandikia kwamba kila kitu kiko sawa isipokuwa alama zangu za hesabu katika mtihani wa kujiunga. Nikirudia mtihani na alama zipande kabla ya maombi kufungwa, watanichukua. Zisipopanda, nafasi itaenda kwa mwingine.

Rafiki yangu wa chuo kikuu, msichana wa Kajiado aliyesomea uchumi, alikuwa amefanya mtihani huo huo mwezi ule ule kama mimi. Nilimpigia simu kumlilia.

"Wacha kelele," alisema. "Njoo kwetu Jumamosi tusome. Lakini usije na yale maswali yako ya kuuliza mtihani."

Alinijua. Nikipewa swali la mabomba mawili yanayojaza tangi, nilitaka kwanza kujua nani anajaza tangi bila kufunga tundu la chini.

Nyumbani kwao ni nje kidogo ya mji wa Kajiado, mahali ambapo upepo haupumziki na karatasi lazima zikaliwe. Mama yake, mwalimu mstaafu, alinipokea mlangoni kwa salamu ya Kimaasai.

"Takwenya!"

"Iko," nilijibu, na akafurahi kana kwamba nimehutubia bunge kwa Kimaa.

Tulikaa barazani na kompyuta yake, saa ikiwa mbele yetu. Nilikokotoa kila kitu. Swali moja lilitaka tu kujua ipi ni kubwa, 37 juu ya 75 au 52 juu ya 103. Nilizidisha, nikakosea, nikazidisha tena, nikapata jibu sahihi, na muda ukawa umeisha kabla sijafika maswali ya mwisho. Ilikuwa hivyo hivyo kila tulipojaribu. Rafiki yangu aliniangalia akitafuna mahindi ya kuchoma.

Jioni ng'ombe walirudi. Asubuhi nilikuwa nimewahesabu kimoyomoyo wakitoka, kwa sababu tu nilikuwa nimechoka kuhesabu vitu visivyokuwepo. Sasa niliinua kalamu nikawa nawaelekezea mmoja mmoja langoni, kwa sauti. Rafiki yangu alinishika mkono.

"Shusha hiyo kalamu! Hapa ng'ombe hawahesabiwi."

"Kwa nini?"

"Ameanza," alimwambia mama yake.

"Huyu wa Kitengela anataka kutumalizia ng'ombe kwa mkosi," mama alisema akicheka, lakini nikaona hakupenda. Nilimwomba msamaha. Kisha, kwa kuwa sikuweza kujizuia, nikauliza, "Sasa mkipoteza mmoja mtajuaje?"

Rafiki yangu alikuwa bado anatazama lango. "Mmoja hayuko," alisema.

"Wako wote. Idadi ni ile ile ya asubuhi."

"Kwa hivyo ulihesabu hata asubuhi! Aki wewe." Alinigeuza mabega. "Tazama. Usihesabu, tazama tu. Yule mwekundu pale nyuma, mwenye sikio lililokatwa. Huyo ni wa jirani. Wetu mwenye tumbo jeupe amebaki kwao."

Mama yake alimtazama yule mwekundu, akacheka mpaka akafuta macho. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa, na haikuwa na faida yoyote.

Tulimrudisha ng'ombe sisi wawili, yeye akiwa na fimbo, mimi na kalamu niliyosahau kuiacha. Mwenye tumbo jeupe tulimkuta kwa jirani ametulia kama mwenyeji, na jirani akatuuliza kama tumekuja kulipa mahari. Njiani kurudi, rafiki yangu alisema, "Hivyo ndivyo unavyofanya mtihani. Swali halijaingia langoni, umeshaanza kuhesabu."

"Wewe ungefanyaje ile ya 37?"

"Nusu ya 75 ni ngapi?"

"Thelathini na saba na nusu."

"Kwa hivyo 37 haijafika nusu. Na 52?"

Nilisimama katikati ya njia. Hamsini na mbili imepita nusu ya 103. Hakukuwa na kitu cha kuzidisha. Nilipiga kelele, ng'ombe akaruka kando, na yeye akanitukana kwa Kimaa, maneno ambayo hakukubali kunitafsiria.

Sikumwamini moja kwa moja, bila shaka. Wiki nzima kule Kitengela nilifanya kila swali mara mbili, kwanza kwa kutazama, halafu kwa kukokotoa, nikitafuta mahali macho yatakaponidanganya. Yalinidanganya kwenye maumbo, kwa sababu michoro ya mtihani huo haichorwi kwa vipimo. Nilimpelekea habari hizo Jumamosi kwa furaha ya mtu aliyemshika mwizi. Alisema, "Sawa, hapo hesabu." Kuanzia hapo tulibishana swali kwa swali, Kajiado Jumamosi moja, kwetu Jumamosi nyingine, na baba akawa anapita sebuleni akiuliza kama tunasoma au tunagombana.

Siku ya mtihani nilimaliza na dakika zikabaki. Sikujua la kuzifanyia. Alama zilipotokea kwenye skrini nilizisoma mara tatu, kisha nikatoka nje nikampigia baba.

"Zimepanda!"

"Zimefika?"

"Zimepita!"

Nilimsikia akiwatangazia watu wote dukani kwake, wakiwemo waliokuja kununua misumari tu. Halafu nikampigia rafiki yangu. Alipiga vigelegele simuni mpaka nikaiweka mbali na sikio.

"Na wewe je, za kwako?" nilimuuliza.

"Zimetosha," alisema. "Mimi pia naenda."

Nilienda, nikasoma, nikarudi. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nikinywa chai na mama yake pale barazani, nikimsimulia jinsi mtihani ule ulivyotusumbua sote wawili. Alinitazama kwa mshangao, akaniambia kwamba binti yake aliufanya mara moja tu, kabla hata sijaanza kuja kwao kusoma.